Ua wa Jirani Usiwe Kisa cha Uadui

Msafiri atokaye Butembo kwenda Masereka hupanda milima hadi pahali ambapo baridi ya asubuhi humfanya atafute koti. Huko juu, zaidi ya meta 2000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipate nguvu. Ukiisha kuondoka, macho huona nchi iliyogawanyika vipande vipande kama nguo yenye viraka: hapa viazi vya Kizungu, pale ngano, kule maharagwe, njegere, kabichi na vitunguu vya majani. Kati ya kiraka na kiraka umesimama mstari wa miti au wa majani marefu. Huo ndio ua. Mgeni husema, "Nchi nzuri namna gani!" Wenyeji twajua neno jingine pia: katika mistari hiyo ya kijani mna manung'uniko mengi, na mara nyingine mna machozi.

Leo twataka kusema juu ya ua huo, hasa ua mrefu. Labda msomaji atacheka, akidhani jambo hili ni dogo mno kwa gazeti la Wakristu. Asicheke upesi. Kaini na Abeli walikuwa ndugu wa tumbo moja, na damu ya kwanza katika Maandiko ilimwagika shambani. Nabothi naye aliuawa kwa sababu ya shamba la mizabibu lililopakana na nyumba ya mfalme. Magomvi ya majirani huanza na tawi, huishia kwa panga.

KAMBALE NA MAMA KAVIRA

Tuchukue watu wawili wa mfano. Tuwape majina ya kuzaliwa yaliyojaa katika kila kijiji chetu, asiwepo hata mmoja wa kusema, "Gazeti limenitaja mimi." Mwanamume tumwite Kambale, naye mwanamke, aliye mjane mwenye watoto, tumwite Kavira.

Shamba la Kambale liko upande wa mashariki, la Mama Kavira upande wa magharibi. Zamani mpaka wao ulikuwa mstari wa masale tu, yaani ile mimea ya majani marefu ambayo haifi hata ikikatwa, nayo ilifika kifuani. Siku moja Kambale alipanda mikaratusi kando ya masale. Ilipokuwa mifupi hakuna aliyesema neno. Baada ya miaka michache ilipita paa la nyumba. Mama Kavira akaona viazi vyake vya karibu na mpaka vinaota vyembamba, na majani yake yanageuka meusi kabla ya wakati.

Asubuhi moja akasimama mpakani akaita, "Baba Kambale, miti yako inaninyima jua."

Kambale akajibu pasipo kuweka jembe chini, "Mama, mimi nimepanda miti katika udongo wangu. Jua ni la Mungu. Mdai Yeye."

Jibu hilo lilichekesha waliokuwa karibu, nalo likazaa miaka ya uchungu. Mama Kavira aliacha kusalimu. Watoto wake wakaanza kuvunja matawi usiku. Mbuzi wa Kambale akafa, na mara maneno ya sumu yakaanza kunong'onwa kisimani. Jumapili wote wawili walikuja Misa, mmoja akakaa upande huu wa kanisa na mwingine upande ule, wakatamka pamoja ile sala ya kusamehewa kama tunavyosamehe. Wasomaji wapenzi, nani kati yetu hajawaona watu hawa wawili? Na nani ana hakika kwamba yeye mwenyewe si mmoja wao?

KIVULI KINAFIKA WAPI?

Kabla ya kuhukumu, yafaa tupime. Masereka iko karibu sana na ikweta. Kwetu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili za asubuhi, nalo hupanda angani karibu wima. Ikifika saa tatu, jua limefika nusu ya njia yake kuelekea utosini, na hapo kivuli cha kitu kilichosimama mahali tambarare hulingana na urefu wake. Mwanafunzi aweza kujaribu kwa kijiti.

Basi, ua unaokwenda toka kaskazini hata kusini, wenye urefu wa meta 6, saa tatu hutupa kivuli cha meta 6 hivi katika shamba la jirani wa magharibi. Saa mbili kivuli kilikuwa meta 10, na saa moja kilipita meta 20. Jioni mambo hugeuka, na jirani wa mashariki ndiye anayefunikwa. Mlimani hesabu hubadilika kidogo kwa kufuata mteremko. Lakini ua unaokwenda mashariki hata magharibi hausumbui sana, maana jua hupita karibu juu yake. Kwa hiyo si kila ua mrefu ni mwovu. Neno ni wapi umepandwa na unaelekea wapi.

Tena iko hasara nyingine. Katika nchi yetu ya ukungu, jua la asubuhi na upepo ndivyo vinavyokausha umande juu ya majani. Pasipo hivyo, majani ya viazi hubaki maji muda mrefu, na ule ugonjwa uitwao mildiu hupata nafasi ya kuingia. Ugonjwa huo si wa mzaha. Ulipoingia nchi ya Ireland mwaka 1845, uliozesha viazi vilivyokuwa chakula kikuu cha maskini, na katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Mama Kavira hakusoma habari za Ireland, lakini aliona sawasawa.

Mkaratusi, mti uliotoka Australia, huongeza shida. Mizizi yake hunywa maji mengi, nayo haijui mpaka. Huingia shamba la jirani chini kwa chini. Nchini Kenya, mwaka 2009, waziri John Michuki aliamuru mikaratusi iliyopandwa kando ya mito na chemchemi ing'olewe, kwa sababu ya maji hayo.

MWENYE UA NAYE ANA HAKI YA KUSIKILIZWA

Tukiishia hapo tutakuwa tumesikia upande mmoja tu, na hakimu asikiaye upande mmoja hukosa. Tumwulize Kambale, "Kwa nini ulipanda?" Atatuambia mambo ambayo si ya uongo.

Atasema kwamba ua huzuia upepo usilaze ngano, na mizizi yake hushika udongo usiteremke mvua inaponyesha. Atasema kwamba mbuzi wa watu hawafungwi, na mwivi wa kabichi hapendi kupita pahali palipofungwa. Atasema pia kwamba nyumba yataka sitara, maana si vizuri kila mpita njia ahesabu sahani za mwenziwe. Hatimaye atasema neno kubwa kuliko yote: mikaratusi hiyo ndiyo akiba yake. Butembo yataka mbao, miti ya kujengea na makaa. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, baba huangusha miti, na mtoto hurudi darasani.

Basi kivuli kinachomnyima Mama Kavira viazi ndicho shule ya watoto wa Kambale. Hapa hakuna mwovu na mwema. Wako wazazi wawili, kila mmoja akiwapigania watoto wake katika udongo uliopungua. Nao udongo umepungua kweli: familia zimeongezeka, mashamba hugawanywa tena na tena kati ya wana, na tangu vita kufika kusini mwa eneo la Lubero mwaka 2024, watu wengi waliokimbia makwao wametafuta pahali kwa ndugu na kwa wageni. Pahali palipo finyu, kiwiko cha jirani huumiza hata asipokusudia.

NENO LILILOFICHIKA CHINI YA UA

Liko neno la tatu, ambalo watu wawili hawa hawakulitamka. Mama Kavira aliposema, "Kata miti," Kambale alisikia, "Nataka kusogeza mpaka." Na Kambale alipopanda mikaratusi kando ya masale, Mama Kavira alisema moyoni, "Mume wangu amekufa; sasa ameanza kunila udongo."

Twafahamu hofu hiyo inatoka wapi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba ardhi yote ya nchi yetu ni mali ya Dola. Lakini huku vijijini mashamba mengi hayana karatasi yoyote. Ushahidi wake ni kumbukumbu za wazee, jiwe, mfereji, na zaidi ya yote mimea ya mpakani. Anayegusa mimea hiyo amegusa hati ya jirani yake. Ndiyo maana Torati ya Musa ilimlaani mtu asogezaye alama ya mpaka wa mwenziwe. Mungu alijua kwamba maskini hana kitabu kingine cha kuandikia haki yake.

Kwa hiyo, twaamini kwamba magomvi mengi ya urefu wa ua hayawezi kwisha kwa kusema juu ya urefu. Kwanza mpaka uthibitishwe, watu wote wawili wakiwapo, pamoja na wazee wanaoukumbuka na mkubwa wa kijiji. Mtu akiisha kuwa na hakika kwamba udongo wake hautaliwa, mkono wake hulegea, na kukata matawi si kitu tena.

NJIA YA WAZEE NA NJIA YA INJILI

Wazee wetu walikuwa na ekyaghanda, nyumba ya mazungumzo yenye moto katikati, ambamo wanaume walikutana jioni, wakala pamoja, wakafundisha vijana, wakakata maneno ya watu. Uzuri wake ni kwamba neno halikulala muda mrefu, tena waliogombana walikaa wakiota moto mmoja. Upungufu wake ni kwamba mjane kama Mama Kavira alisemewa na wengine.

Makabila mengine nayo yana hekima yao. Wachagga wa Kilimanjaro huyaheshimu masale kuliko sisi. Kwao mmea huo huonyesha mpaka wa shamba, tena jani lake ndilo mtu anayeomba msamaha humpelekea aliyemkosea. Na kumkatalia aliyekuja na isale ni jambo zito sana. Mmea mmoja watenga mashamba na kuunganisha watu. Katika Tanzania, sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la watu saba kijijini, watatu kati yao wakiwa wanawake, kazi yao ikiwa kupatanisha wanaogombea ardhi.

Wala tusidhani kwamba shida hii ni ya watu wa milimani tu. Sheria ya Ufaransa yaamuru kwamba, pasipo kanuni au desturi nyingine ya mahali, mti utakaopita urefu wa meta 2 upandwe meta 2 kutoka mpakani, na mfupi zaidi upandwe nusu meta. Huko Uingereza majirani waligombana sana kwa ajili ya nyua ndefu za miti isiyopukutika majani, hata Bunge likatunga sheria mwaka 2003: ua wa namna hiyo uliopita meta 2, ukimnyima jirani mwanga, halmashauri yaweza kuamuru ukatwe. Lakini mlalamikaji atakiwa kwanza ajaribu kusikilizana na jirani yake. Hata wenye mahakama nyingi wamejua kwamba mlango wa jirani hubishwa kabla ya mlango wa hakimu.

Bwana wetu alikwisha kuonyesha njia hiyo. Katika Injili ya Matayo, sura ya 18, ametufundisha kumwendea ndugu aliyetukosea peke yetu. Asiposikia, twende na mmoja au wawili. Asiposikia tena, tuliambie Kanisa. Tazameni mpango huo: kwanza faraghani, ili mwenzako asiaibike. Mama Kavira alipaza sauti mbele ya watu, na Kambale akajibu ili achekeshe watu. Wote wawili walianzia mwisho.

Hilo Kanisa la kuambiwa liko karibu. Maaskofu wa Kongo walipokutana mwaka 1961 walichagua njia ya jumuiya za Kikristu zilizo hai, nazo zimeenea katika parokia zetu. Jumuiya hujua nani amelala njaa na nani hasemi na nani. Humo mama husema sawa na baba. Jumuiya inayosali rozari kila juma na kufumba macho mbele ya uadui wa wanachama wawili, itubu.

MAPATANO YALIYO MEMA

Je, wapatane vipi? Twapendekeza mambo haya, ambayo kila kijiji chaweza kuyarekebisha.

Kwanza, mpaka uonyeshwe, na masale yaliyokauka yapandwe upya na mikono ya watu wote wawili. Kuchimba pamoja shimo moja ni kiapo kizuri kuliko maneno.

Pili, ua wa mpakani shambani usipite kifua cha mtu mzima. Karibu na nyumba, panapotakiwa sitara, urefu wa mtu na mkono wake watosha.

Tatu, ukatwe mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili na mwezi wa nane, kabla ya kupanda. Mwenye ua ndiye akate; asipokuwa na nguvu, jirani amsaidie, naye asiingie bila kuitwa. Matawi ni mali ya mwenye ua. Ikiwa ni majani ya kulisha mbuzi na simbilisi, wagawane.

Nne, mikaratusi isipandwe mpakani kamwe. Ile iliyokwisha kupandwa isiangushwe yote siku moja, maana hiyo ni kumnyang'anya mtu karo ya watoto. Mstari ulio karibu na mpaka uuzwe kwanza, ukiisha kukomaa, nayo machipukizi yake yasiachwe kuota tena. Hata siku hiyo, mtaro wa kina cha nusu meta, uchimbwe ndani ya shamba la mwenye miti, hukata mizizi mingi ya juu.

Tano, mwenye ua wa mnyaa, ule mti wa maziwa meupe, awaonye watoto, maana maziwa yake yakiingia jichoni huumiza vibaya, yaweza hata kudhuru macho. Jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, na mgonjwa apelekwe zahanati.

Sita, mapatano yaandikwe katika karatasi mbili, kila mtu na yake, pamoja na majina ya mashahidi. Mwanafunzi wa nyumbani aweza kuyaandika hivi: "Sisi wawili tumekubaliana kwamba mpaka wetu ni masale haya. Ua utakatwa mwezi wa pili na mwezi wa nane. Mikaratusi ya mstari wa kwanza itauzwa ikikomaa, haitapandwa tena. Neno likitokea, tutaambiana sisi wenyewe kwanza." Maneno machache namna hiyo yaweza kuwaokoa wajukuu.

Na mtu akikataa kabisa? Baada ya jumuiya na mkubwa wa kijiji, korti ipo, wala si dhambi kwenda kwa hakimu kutafuta haki. Lakini ahesabu kwanza nauli za mashahidi, siku alizokosa kulima, na mbuzi waliouzwa. Wako watu walioshinda kesi ya mstari wa miti wakarudi nyumbani hawana mbegu ya kupanda. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Lakini liko jambo ambalo ni dhambi waziwazi: kukata miti ya mtu usiku, kuichoma moto, kumwekea mbuzi wake sumu, au kumsingizia jirani uchawi. Anayefanya hivyo hawezi kusema anatetea haki, maana haki haiogopi mchana. Na aliyekwisha kufanya hivyo hana budi kuungama na kulipa hasara. Amri ya saba haisemi juu ya fedha peke yake.

NINYI WANAFUNZI

Ninyi vijana mwaweza kuwa kuni au maji katika moto huu. Msipeleke nyumbani kila neno mlilolisikia kisimani. Msivunje ua wa mtu kwa kutafuta njia ya mkato kwenda shule. Mfunge mbuzi wa baba zenu. Mmejifunza kupima vivuli: basi nendeni mkapime mpakani, mwaonyeshe wazee kwa heshima kivuli kinafika wapi. Kijiti na kamba vyaweza kumaliza ubishi wa miaka mitano.

TUPANDE, TUKATE, TUSAMEHE

Kanisa letu la Kongo limejaliwa mashahidi wa msamaha. Mwenyeheri Isidori Bakanja, aliyepigwa viboko kwa ajili ya skapulari akafa mwaka 1909, alimsamehe aliyempiga. Mwenyeheri Anuarite alimsamehe aliyemwua huko Isiro, mwaka 1964. Hao walisamehe kifo. Sisi twaombwa kusamehe kivuli.

Wahenga walisema: Udongo uwahi ungali maji. Ua hukatwa ungali laini, na neno husemwa lingali dogo. Basi Jumapili hii, kabla ya kwenda Misa, tupite mpakani tutazame: ua wetu unamfanyia nini jirani? Ikiwa tunakumbuka kwamba ana neno juu yetu, Bwana wetu amekwisha kutuambia la kufanya na sadaka yetu: tuiache hapo mbele ya altare, twende kwanza tukapatane. Shamba la Mama Kavira si mbali na la Kambale. Ni hatua chache tu, na mtu aweza kuzipiga kabla kengele ya pili haijalia.